Farasi Aliyevaa Kanga

Shangazi yangu Mwanaidi alizikwa Zinga mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri. Kesho yake asubuhi niliingia chumbani kwake kutafuta mikeka ya kuwaongezea wageni, dirisha likiwa wazi, nikawasikia wanawake wawili uani wakimenya vitunguu vya pilau ya hitima. Mmoja akasema, "Maskini, kaondoka hajaacha hata mtoto wa kumwombea dua." Mwenzake akajibu, "Atamwacha wapi? Yule hata mimba hajawahi kushika." Kisha wakarudi kwenye vitunguu vyao. Nilisimama pale na mikeka mikononi. Nilikuwa na jibu, tena jibu la neno moja, na hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki nalo. Ningeweza kutoa kichwa dirishani nikasema: nne. Sikutoa kichwa. Niliipeleka mikeka barazani, nikawaamkia wageni, na kutwa nzima nikawa na hasira ambayo sikujua ni ya nani. Siku ya tatu, watu walipopungua, ndipo nilipotambua kwamba hasira ile naijua, ni ya zamani, ni ya mwaka ule wa farasi, na ni yangu mwenyewe juu ya nafsi yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Kwa nini nilitumwa kuyasubiri Zinga na si kwetu ni hadithi nyingine, na waliohusika wengi wamekufa, tuwaache walale. Nyumba ya Shangazi ilikuwa na vyumba viwili, ua wa makuti, na kamba za kuanikia nguo zilizokatiza uani mpaka ukitaka kwenda chooni ulilazimika kuinama mara nne. Alikuwa dobi. Alifua shuka na taulo za hoteli moja ya ufukweni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu, na nyumba nzima ilinuka sabuni ya mche, bluu ya nguo na mkaa wa pasi. Mume alikuwa naye zamani, kabla hajahamia Zinga, akaondoka. Mchana tulikula muhogo wa nazi na dagaa, Ijumaa wali na samaki, tumekaa juu ya mkeka mlangoni mwa jiko, yeye akiongea na mimi nikicheka, maana alikuwa mtu wa maneno. Angekwambia nani kaachwa, nani karudiwa, nani kanunua kabati na mlango wake haufungi. Ila kulikuwa na mambo ambayo mdomo wake haukuyagusa kabisa. Hakusema kuku kalalia mayai mangapi. Hakumuuliza mwanamke tumbo lake lina miezi mingapi, na akimsikia mtu anauliza, aliinuka kwenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Nilidhani ni adabu. Pwani sote tunaficha mimba, bibi zetu walificha na sisi tunaficha. Unajitanda kanga mbili badala ya moja, na jina la mtoto halitajwi mpaka mtoto alie. Kwa Shangazi lilikuwa jambo zito kuliko adabu, lakini hilo nililijua baadaye.

Hoteli ilifungwa Januari, kwenye kiangazi kikali. Mwenyewe aliondoka bila kuaga, wafanyakazi wakatawanyika, na Shangazi akaenda kuchukua mabeseni yake na pasi aliyokuwa ameiacha kule kwenye chumba cha kufulia. Alikwenda kuchukua pasi akarudi na farasi. Nilikuwa nafagia uani nilipomwona anatokea njiani, beseni kichwani, mkono mmoja umeshika kamba, na nyuma ya kamba kitu ambacho kwa mbali nilidhani ni punda mgonjwa. Alikuwa farasi jike mfupi, wa rangi ya kahawia, mgongo wake ukinifika kifuani, wa aina ile waliyokuwa wakiwapandisha watoto wa wageni kuwazungusha mchangani. Walikuwa wawili pale hotelini. Dume alikuja kuchukuliwa kwa lori miezi michache nyuma, jike akabaki, na mlinzi alipochoka kusubiri mshahara akaondoka na kumwacha amefungwa kwenye mkungu. Alikuwa ametafuna gome la ule mti mpaka pale shingo yake ilipofika mwisho. Mbavu ungeweza kuzihesabu umesimama barabarani. Kwato zilikuwa zimerefuka zikapinda juu kama makubadhi, na kamba ilikuwa imemla shingoni mpaka ndani. Shangazi alimfunga kwenye nguzo ya jiko, akatua beseni, akaniambia, "Usinitazame hivyo. Nilimwambia kwaheri, akaanza kulia." Sijui kama farasi hulia. Nilichoona ni kwamba Shangazi mwenyewe macho yalikuwa mekundu.

Hakuna aliyejua kumlea. Zinga ng'ombe tunawajua, mbuzi tunawajua, punda tuliwaona wakipita na magunia. Farasi ilikuwa picha ya kwenye kalenda. Watoto walimwita punda wa Kizungu na wakaja kila siku kumtazama akila. Bwana mifugo wa kata, kijana mmoja mpole mwenye pikipiki ya serikali, alituambia tumpe kidogokidogo, kwani aliyekaa na njaa akishibishwa ghafla hufa. Basi tukaanza na konzi ya pumba asubuhi, konzi jioni, na matembele niliyoyakata bondeni. Kisha Shangazi akagundua kwamba anapenda chicha. Tangu siku ile kila nazi iliyokunwa mtaa ule, chicha zake zilikuwa na mwenyewe; mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba na bakuli, naaibika, na wanawake wananitania, "Mkwe wako hajambo?" Kidonda cha shingoni nilikiosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Kwato alikuja kuzikata fundi seremala, kwa msumeno na tupa, akitetemeka kuliko mnyama mwenyewe, na alipomaliza farasi alikaa muda mrefu anainua mguu mmoja mmoja na kuushusha, anaijaribu ardhi. Shangazi hakumpa jina. Alimwita mwenzangu. "Mwenzangu kala?" "Mpe mwenzangu kivuli." Jioni alikuwa anamaliza kupiga pasi nguo za watu, anachukua kiti kidogo, anakaa karibu na kichwa chake na kumsimulia habari za siku nzima, na farasi anasikiliza kwa sikio moja, lile lingine limeelekea kwenye bakuli.

Masika yalipokwisha alikuwa kiumbe mwingine. Manyoya yaling'aa, kidonda kilifunga kikaacha alama ya mviringo, na akaanza kunijua kwa hatua zangu. Tumbo pia lilikuwa limejaa, nasi tukajisifu kwa ajili ya lile tumbo. Siku moja mwezi wa tano bwana mifugo alipita kuaga, amehamishiwa mkoa mwingine, na kabla hajakaa akasimama ghafla akamtazama farasi kwa ubavuni. Akamwekea kiganja chini ya tumbo, akasikilizia, akasogeza, akasikilizia tena. Mimi nilikuwa nakuna nazi. Shangazi alikuwa na shuka iliyolowa mikononi. "Mama," akasema yule kijana kwa furaha, "hapa mna wawili. Huyu ana mi—" na Shangazi akatupa shuka matopeni, akampiga kofi la mdomo. Si kwa nguvu, lakini lilisikika. Kisha yeye mwenyewe akashtuka kuliko sisi. Akamkalisha, akamsogezea kahawa na mkate wa kumimina, akamwomba msamaha kama mara tano, na katikati ya msamaha akamwambia, "Umeshaona, mwanangu. Basi, usiseme. Usiseme hapa, usiseme uendako." Kijana akacheka kwa mashaka, akaapa. Nilimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, na pale akaninong'oneza alichokuwa hajakimaliza: ng'ombe anawajua, farasi alisoma kwenye kitabu tu, lakini wanachukua karibu miezi kumi na moja, na miezi ya mwisho wanahitaji chakula kuliko wakati wowote. "Hasa huyu," akasema, "kwa njaa aliyotoka nayo." Nilikuwa wa tatu kujua, na bwana mifugo akiondoka tungebaki wawili.

Nilirudi uani nikiwa nacheka bado kwa lile kofi. Shangazi alikuwa ameichukua ile shuka anaisuuza upya, mgongo amenipa. Bila kugeuka akasema, "Wanne." Nikauliza wanne nini. Akasema, "Wa kwanza nilimwambia mama mkwe. Wa pili nilimwambia dada yangu. Wa tatu hospitali waliandika kwenye kadi, na kadi ikaonwa. Wa nne nilimwambia mume wangu tu, nikamwapisha, naye akaenda kushangilia barazani. Wote walitajwa, Rukia. Hakuna aliyefika miezi saba." Aliikamua shuka, akaianika, akaivuta pembe zikakaa sawa. Sijawahi kumsikia akiyasema tena, si mwaka ule wala miaka iliyofuata, na mimi sikumuuliza. Leo, mwanamke mzima niliyezaa na kupata wajukuu, najua kwamba wale wanne hawakuondolewa na maneno ya mtu. Siku ile nikiwa na miaka kumi na saba, nimesimama na mbuzi ya nazi miguuni, niliamini kila neno. Tena niliona ni heshima kubwa kukabidhiwa siri.

Ndipo farasi alipovishwa kanga. Shangazi alitoa kanga yake ya zamani, nyekundu iliyopauka, akashona vipande viwili pamoja, akamfunika mgongo na mbavu mpaka chini, akafunga ncha chini ya shingo. Akiulizwa alisema ni kwa ajili ya nzi. Mtaa mzima ulicheka. Wanawake walimsalimia farasi wakipita, "Bi harusi hujambo?" na Shangazi alicheka nao kwa sauti ya juu kuliko wote, huku mkono wake ukivuta kanga ifunike vizuri. Mimi nilikuwa naona tumbo lile likikua chini ya kitambaa chekundu. Asubuhi nikimvua kumsugua, niliweka sikio ubavuni nikasikia maji na mambo ya tumbo, na mara moja nilipigwa teke dogo shavuni kutoka ndani. Nilikimbia jikoni kumwambia. Nilifika mlangoni nikamwona uso wake umeshajua nataka kusema nini, unanisihi. Nikasema nimekuja kuchukua kisu.

Matatizo yalikuja na muhogo. Mwanzoni mwa mwezi wa saba, kipupwe kimeanza na majani yamekauka, farasi alikata kamba mchana watu wakiwa msikitini, akaingia shamba la jirani yetu Bi Tatu, akang'oa matuta manne na kula alichoweza. Bi Tatu alikuwa mjane na ule muhogo ndio ulikuwa chakula chake. Alikuja akakaa mlangoni kwetu, akatuwekea mbele mashina ya muhogo yaliyotafunwa. Shangazi alimpa kapu letu la mahindi lote. Lakini wiki ile ile farasi akarudi tena kule, na safari hii mwenyekiti wa kitongoji akaja mwenyewe. Akasema kwa upole kwamba mnyama huyu hana malisho hapa, watu wanalalamika, na kufikia mwisho wa mwezi awe amepata pa kwenda. Shangazi hakubishana, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alichosema mwenyekiti alipoondoka ni, "Haendi popote. Anakwenda nyumbani kwa mtu," na kuanzia kesho yake ikawa kazi yetu kumtafutia huyo mtu. Alikuja mbeba mchanga mmoja, akamtazama miguu kabla hajamtazama uso, Shangazi akamwambia aondoke. Alikuja mwenye baa kutoka Chalinze anayetaka watu wapige naye picha, akaongea kwa sauti kubwa hadi farasi akarudi nyuma. Huyo hakupewa hata maji.

Mzee Nassor alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kerege, na nyuma ya duka shamba la minazi la babu yake, Mwarabu aliyekuja zamani akaoa hapohapo. Shangazi alimjua kwa kununua sabuni dukani kwake alipokuwa anauza pia sabuni. Alikuja asubuhi moja, kofia ya viua, fimbo, viatu amevivua mlangoni kwetu ingawa sakafu ilikuwa ya udongo. "Shikamoo, Mzee," tukasema sote wawili. "Marahaba, wanangu, hamjambo?" Akamgeukia farasi akasema, "Na wewe, bibi, hujambo?" na akasubiri, kweli, mpaka farasi akamnusa kofia. Shangazi alimletea maji ya kunywa kwenye kikombe. Mzee akauliza kama mnyama ameshakunywa. Niliuona mkono wa Shangazi ukilegea, nikajua imekwisha, amepatikana. Alisema hatamfanyisha kazi, ataishi chini ya minazi, labda siku moja moja avute mkokoteni mdogo wa nazi mpaka barabarani ili asichoke kukaa bure. Kisha akauliza, kama mtu muungwana anavyouliza. "Bibi Mwanaidi, nieleze aibu zake. Ana maradhi? Anauma? Ana lolote nipaswalo kulijua?" Nilikuwa namimina kahawa. Shangazi alinitazama mara moja tu, kisha akamtazama Mzee. "Mzima," akasema, "kama unavyomwona." Mzee Nassor akalipapasa tumbo juu ya kanga, akacheka. "Mmemlisha, mashallah. Mmemlisha kupita kiasi." Shangazi akacheka naye.

Mzee hakutaka kumpandisha gari asije akatikiswa. Tulimpeleka kwa miguu, yeye na mimi, kesho yake baada ya sala ya alfajiri, na Shangazi hakutoka nje kuaga. Alibaki ndani anapiga pasi nguo ambazo zilikuwa zimeshapigwa. Kanga aliibakiza. Alisema Mzee atashangaa. Ni safari ile ninayoirudia mpaka leo, kila nikipita barabara ile kwenye basi la kiyoyozi, kila kibanda cha matunda nikikijua kwa mahali tulipopumzika. Mzee Nassor alitembea taratibu akaniacha nishike kamba. Akasema, "Niambie wewe, Rukia. Wakubwa husahau, wewe umekaa naye. Anapenda nini, anachukia nini?" Nikamwambia. Nilimwambia anapenda maganda ya papai lakini si mbegu. Anaogopa mwavuli ukifunguliwa. Kidonda cha shingoni huwasha mvua ikikaribia, na ukimkuna hapo anafunga macho. Usimpitie nyuma bila kusema. Maji yakae kwenye beseni la bati, la plastiki hunusa tu na kuacha. Akiona mtoto analia husogea karibu. Chicha ziwe za siku hiyohiyo. Mzee alirudia kila jambo kwa sauti ili asisahau, kama mwanafunzi wa chuoni, na mimi nilijisikia mkubwa, mwenye elimu. Tulikwenda hivyo mwendo wa asubuhi nzima. Nilikuwa na muda wa kulisema mara elfu. Mara mbili lilinifika kwenye ulimi, na mara mbili niliwaona wale wanne, mmoja baada ya mwingine, na nikaona kwamba nikifungua mdomo nitakuwa mimi ndiye mama mkwe, mimi ndiye dada, mimi ndiye kadi ya hospitali. Nikamwambia Mzee kwamba anapenda pia majani ya mlonge.

Baada ya wiki tatu nilikwenda kumtembelea na bakuli la chicha. Nilimkuta chini ya minazi, kivuli kizuri, maji kwenye beseni jipya la bati. Alinijua kwa mbali akanilia. Lakini mifupa ya nyonga ilikuwa imeanza kuonekana tena, na tumbo limening'inia chini yake kama mzigo wa mtu mwingine. Mzee Nassor alitoka dukani anafuta mikono, uso umejaa furaha. "Unaona? Nimeanza kumpunguza. Rafiki yangu mmoja wa mjini aliyewahi kufuga ameniambia farasi mnene huharibika kwato, hatembei tena. Pumba nimezikata kabisa. Nyasi kidogo tu, na kila asubuhi tunatembea naye, mimi mwenyewe, kwenda na kurudi. Ninyi mlimpenda sana, mkamlisha mapenzi." Nikasema, "Mzee, mpe pumba kidogo." Akaniwekea mkono kichwani. "Moyo wako mzuri, mwanangu. Lakini sasa yuko mikononi mwangu, nataka aishi miaka mingi." Nikampa farasi zile chicha, akazimaliza kabla sijashusha pumzi, akalamba bakuli, akalamba viganja vyangu, akaendelea kulamba vilipokuwa havina kitu. Nikarudi Zinga. Nilimweleza Shangazi yote. Alikaa chini pale pale uani, kati ya nguo zilizolowa. Nilingoja aseme, nenda kamwambie. Nilikuwa nimeshafunga kilemba changu tayari kwenda. Akainuka akaingia ndani, akatoa magunia mawili ya pumba na moja la mashudu, akamwita mwenye baiskeli, akamwagiza, "Mpelekee Mzee Nassor. Mwambie Mwanaidi anasema apewe yote." Hakusema zaidi ya hapo. Mwenye baiskeli alirudi na salamu nyingi. Mzee ameshukuru sana, alisema, na mbuzi wake wamefurahi.

Mtoto alizaliwa wiki mbili baadaye, asubuhi, amekufa. Mama yake alipona. Hilo nalisema kwa sababu wajukuu wangu huuliza kwanza hilo: alipona, akaishi Kerege miaka mingi chini ya ile minazi, akazeeka, watoto wa jirani wakampanda, na Mzee Nassor akawa anatembea naye kila asubuhi mpaka yeye mwenyewe aliposhindwa kutembea. Alipata nyumba, tena nyumba nzuri, na hakuna mwaka nilioweza kufurahi kwa ajili ya hilo. Nilipopata mimba yangu ya kwanza nilimwambia kila mtu: mume, mawifi, muuza mkaa, kondakta wa basi aliyetaka nisimame. Shangazi alininunia miezi yote tisa, na mtoto alipolia akaja, akamchukua, akakaa naye kutwa nzima. Hatukulizungumza. Watu wanasema alikuwa na mdomo mwepesi, na ni kweli. Mimi nilikaa naye miaka yote ile na bado najiuliza ni nani niliyekuwa nakaa naye. Nilimpenda. Nilimwogopa pia, na zaidi ya yote niliogopa kwamba aliyafikiri yale yale niliyoyafikiri mimi, kila siku, kwa upande wake wa uani.

Habari ya mtoto tuliletewa na mwenye baiskeli yule yule, na hatukwenda Kerege. Tulisema tutakwenda kesho, kisha Ijumaa, kisha tukaacha kusema. Mwisho wa mwaka ule Mzee Nassor alijiandaa kwenda Hija, na kama ilivyo desturi ya anayekwenda kule, alizunguka kutaka radhi kwa kila aliyewahi kumkosea, asije akafika Makka na haki ya mtu shingoni. Alifika kwetu mchana. Alikuwa amekonda. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka mlangoni mwa jiko, na nilipomwekea kahawa akaisogeza pembeni kwa vidole viwili. "Sinywi kwanza," akasema. Akatueleza. Kwamba asubuhi alimkuta mama amesimama juu ya mtoto, anamlamba, na hakuacha kumlamba mpaka jua lilipokuwa kali. Kwamba mtoto alikuwa amekamilika, kwato, kope, nywele za shingoni zimeshaota, ila mifupa mitupu. Kwamba aliita daktari wa mifugo kutoka mjini, naye akamwambia mama hakuwa na chakula cha kumlisha. "Nilikuwa namnyima," akasema Mzee Nassor. "Mja mzito. Nilikuwa namnyima, na nikitoka hapo naingia kula mimi." Machozi yalimshuka kwenye ndevu asiyafute. "Bibi Mwanaidi, ulinikabidhi amana nikaiharibu. Najua hata ninyi hamkujua, mngejua mngeniambia. Lakini mkono ulionyima ni wangu. Nisamehe."

Kuku alikuwa anaparua karibu na jiko. Shangazi alikuwa amekaa ameshika goti lake, na nikaona mdomo wake unafunguka kidogo. Nilidhani sasa atasema. Niliomba Mungu aseme. "Nimekusamehe, Mzee Nassor," akasema. "Duniani na akhera."

Mzee akashusha pumzi ndefu. Kisha akanigeukia mimi, mzee mwenye ndevu nyeupe, akaninyooshea mikono yote miwili. "Na wewe, Rukia mwanangu. Wewe ulinifundisha kila kitu chake njia nzima, hukunificha hata dogo. Nisamehe na wewe." Nikamtazama Shangazi. Alikuwa anatazama kikombe cha kahawa. Nikaishika mikono ya Mzee, ilikuwa mikavu na ya moto, nikasema, "Nimekusamehe, Mzee. Duniani na akhera." Akaibusu mikono yangu. Akasema alhamdulillahi, akaivuta kahawa yake akainywa yote, na akaomba kikombe kingine.